Simu za matapeli: utawajuaje, na kuripoti kunasaidia nini?

Swali: "Habari mtaalamu. Karibu kila siku napigiwa na namba nisizozijua, zingine zinalia mara moja zinakata, zingine nikipokea kimya tu. Juzi kapiga mmoja kwa namba ileile ya huduma kwa wateja ya benki yangu, anajua majina yangu yote matatu na namba nne za mwisho za kadi, akasema kuna mtu anatoa hela kwenye akaunti yangu nimsomee OTP iliyokuja kwa meseji ili azuie. Nilikata, ila mpaka leo sina amani, je kama ilikuwa benki kweli? Na mama yangu naye wameanza kumpigia. Nitawajuaje hawa watu, na kuripoti kuna faida au napoteza muda?"

Jibu:

Nzuri dada, na ulifanya vizuri sana kukata. Nianze na hilo linalokukosesha amani, haikuwa benki. Ile OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja, kazi yake ni moja, kuuthibitishia mfumo kwamba mwenye akaunti mwenyewe ndo anafanya muamala au anaingia kwenye akaunti, kwa hiyo mfanyakazi wa benki anayetaka kuzuia muamala hana shughuli nayo kabisa, anazuia huko huko kwake bila kukuuliza namba yoyote. Anayeihitaji ni mtu ambaye tayari ameingiza kadi yako mahali, amefika kwenye ukurasa unaosema weka namba uliyotumiwa, na amekwama hapo. Yaani ule muamala anaokuambia anauzuia ndo huo huo anaufanya yeye wakati mnaongea. Kama hujaifuta ile meseji isome tena taratibu, mara nyingi imeandikwa kabisa namba hiyo ni ya kulipia nini na kiasi gani, ila mtu akishatiwa hofu anaangalia zile tarakimu tu hasomi maneno yaliyo pembeni.

Hiyo ina maana nyingine ambayo nataka uifanyie kazi leo, usisubiri. Kama OTP ilikuja kweli basi huyo mtu ana zaidi ya namba nne za mwisho, huenda ana kadi nzima au jina na nywila yako ya kuingilia. Pigia benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi, waambie kadi ifungwe utengenezewe mpya, na badili nywila.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndo watu wengi wananaswa, "mbona namba ilikuwa yenyewe". Ile namba unayoiona kwenye skrini sio alama inayotoka kwenye laini ya mtu kama tunavyodhani, ni taarifa inayotumwa na upande unaopiga, na kwa miaka mingi mitandao ya simu imekuwa ikipokea tu inachoambiwa bila kuhoji. Mtu mwenye mfumo wa kupiga simu kupitia intaneti anaweza kujaza namba yoyote anayotaka ionekane. Matumizi halali yapo, ofisi yenye wahudumu wengi inataka wote waonekane kwa namba moja, lakini tapeli anapita humo humo. Ndo maana pia unapigiwa na namba zinazofanana na yako tarakimu za mwanzo, wanafanya makusudi ili uhisi ni mtu wa karibu upokee. Marekani wamejaribu kuziba hilo tundu kwa mfumo unaoitwa STIR/SHAKEN, kampuni inayoanzisha simu inaiwekea sahihi ya kidijitali kuonyesha kwamba mpigaji ana haki ya kutumia ile namba, na kampuni kubwa za simu ziliwekewa ukomo wa tarehe 30 Juni 2021 kuanza kuutumia. Umesaidia lakini unafanya kazi pale simu inaposafirishwa kwa mitambo ya kiintaneti tu, ikipita kwenye mitambo ya zamani sahihi inapotea njiani, na hata ikifika inathibitisha namba, haithibitishi nia, tapeli anayetumia laini yake halali anapata sahihi safi kabisa.

Kwa hiyo namba haikuambii mpigaji ni nani. Jina lako kujulikana nako hakukuambii kitu. Taarifa za watu zimevuja mara nyingi sana kutoka kwenye makampuni, zinauzwa kwa mafungu, majina, simu, barua pepe, mwaka wa kuzaliwa, na hizo namba nne za mwisho za kadi zinachapwa hata kwenye risiti. Lafudhi nzuri, lugha ya kiofisi, muziki wa kusubiri, kelele za wahudumu wengine nyuma, vyote vinatengenezeka kirahisi tu.

Kinachobaki ni kimoja na ndo nataka ukishike, anataka ufanye nini. Tapeli anaweza kuigiza kila kitu isipokuwa lengo lake, lazima mwishoni aombe kile kilichomfanya apige, na vitu anavyoomba ni vichache mno. Ataomba siri, OTP au PIN au nywila au zile namba tatu za nyuma ya kadi. Au ataomba uhamishe hela wewe mwenyewe, siku hizi wanasema "tunakuhamishia kwenye akaunti salama", na hakuna benki duniani inayomwambia mteja ahamishe hela zake kwenye akaunti nyingine ili ziwe salama, benki ikitaka kuilinda akaunti inaifunga basi. Kuna wanaotaka malipo kwa kadi za zawadi au kwa sarafu za kidijitali, wakijifanya polisi au watu wa ushuru au wa forodha, hapo hata usiwaze mara mbili, hakuna mamlaka ya serikali inayokusanya deni kwa kusomewa namba za kadi ya zawadi kwenye simu. Na wale wa kwenye "umeshinda" ni hadithi ileile, zawadi ambayo lazima uilipie kwanza ndo uipate sio zawadi.

Kuna ombi jingine ambalo watu hawalijui na linaumiza sana, kuinstoli programu. Anakuambia simu yako au kompyuta ina virusi, au tukusaidie kurudishiwa hela, pakua AnyDesk au TeamViewer alafu unisomee namba unazoziona. Hizo programu zenyewe ni halali, mafundi wa kompyuta wanazitumia kila siku, lakini ukishamsomea hizo namba na ukakubali aunganishwe anaona skrini yako yote na kwenye kompyuta anaweza hata kuiendesha, OTP zikija anazisoma mwenyewe wala hana haja ya kukuomba. Kama mtu amekupigia yeye, hujamtafuta wewe, asiguse kifaa chako kwa namna yoyote.

Alafu kuna hii ya kubonyeza nyota na reli. Anasema "kuna tatizo kwenye laini yako, piga *21* ufuatishe namba hii alafu reli", inaonekana kama namba za kawaida za kuangalia salio, kumbe hapo umedaivati simu zako zote ziende kwake. Baada ya hapo anaanza kuisajili WhatsApp yako kwenye simu yake, anachagua kuthibitisha kwa kupigiwa badala ya meseji, simu inaenda kwake, anaisikiliza namba, akaunti imeondoka, na ndani ya dakika chache watu wako wote wanaombwa hela kwa jina lako. Piga *#21# uone kama simu zako zinapelekwa mahali, na kwenye mitandao mingi ##002# inafuta daivati zote kwa pamoja. Na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ile PIN ya tarakimu sita unayojiwekea, maana hata akiipata ile namba ya kusajili atakwama kwenye PIN.

Pamoja na ombi kuna namna ya kuomba. Haraka. Na "usikate simu". Hiyo ya usikate mimi naihesabu kuwa dalili kubwa kuliko zote, kwa sababu mtu wa kweli hapotezi chochote ukikata ukapiga mwenyewe, mfanyakazi halali wa benki ukimwambia nakata napiga makao makuu atakuambia sawa, ila tapeli anajua ukikata dakika tano tu akili inarudi, unamuuliza mtu, mchezo umeisha. Ndo maana anakutisha utakamatwa, anakubembeleza, anakuhamisha kwa "meneja", anakukataza usimwambie mtu yeyote hata mume au mke kwa sababu ati uchunguzi ni wa siri. Kwa hiyo jibu lake ni hilohilo asilolitaka, kata, alafu piga wewe kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, nyuma ya kadi au kwenye karatasi za benki, sio aliyokupa yeye na sio kwa kubonyeza ile iliyokupigia, na usiitafute kwa kuandika tu jina la benki kwenye gugo ukachukua namba ya kwanza, matapeli wanalipia matangazo wakae pale juu. Uingereza wametenga namba fupi 159 kwa kazi hii tu, ukiipiga unaunganishwa na benki yako ikiwa ni mojawapo ya zilizojiunga. Kama unatumia simu ya mezani kapige kwa simu nyingine, kwani kwenye baadhi ya mitandao laini ya mezani ilikuwa haiachii mara moja ukiweka mkono wa simu chini, tapeli anabaki hewani anakuchezea mlio wa kupiga, wewe unadhani umepata benki kumbe ni yeye yuleyule.

Hizo simu zako za kimya nyingi ni mashine. Kuna mitambo inayopiga namba nyingi kwa wakati mmoja, ikipokelewa ndo inatafuta mhudumu aliye huru, ndo maana unasikia kimya sekunde mbili tatu alafu mlio mdogo alafu sauti, na asipopatikana mhudumu inakata. Zingine zinahakiki tu kama namba ina mtu anayepokea. Kupokea peke yake hakukutoi hela, usiogope, ila kunaiweka namba yako kwenye orodha ya namba hai ambayo ni mali kwao, na ndo hivyohivyo kwa zile zinazosema "bonyeza tisa kuondolewa kwenye orodha", ukibonyeza umewathibitishia kuna mtu. Zile zinazolia mara moja ni kubipu kwa makusudi, Wajapani wanaziita wangiri na zilianzia kwao, wanakubipu kutoka namba ya nchi ya mbali ili upige wewe, na hiyo namba ni ya gharama kubwa kwa dakika ambapo sehemu ya malipo inarudi kwa tapeli, ukipiga unasikia muziki au mtu anakuzungusha ili ukae hewani. Namba ya nje usiyoitegemea ikikubipu, iache. Mtu mwenye shida na wewe kweli ataandika meseji.

Kuhusu sauti. Siku hizi kuna programu inayoweza kuiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi tu, na watu tumeweka sauti zetu kila mahali, video, voisi noti, kila kitu. Januari 2024 huko New Hampshire Marekani wapiga kura walipigiwa simu zenye sauti ya kuigiza ya Rais Biden ikiwaambia wasiende kupiga kura ya mchujo, na mwezi uliofuata tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ikatamka kwamba sauti za akili bandia kwenye simu za mashine zinaingia kwenye katazo la sheria yao ya mwaka 1991. Kwetu sisi watu wa kawaida inakuja hivi, mama anapigiwa saa nane usiku, sauti yako inalia, "mama nimepata ajali, tuma hela sasa hivi kwa namba hii, usimwambie baba". Hapo kusikiliza sauti kwa makini hakutamsaidia, mzazi akisikia mtoto wake analia hachunguzi. Kaeni kama familia mchague neno moja la siri ambalo halipo mtandaoni popote, sio jina la mtoto wala la mtaa, atakayepiga kuomba hela aulizwe hilo neno, na asipolijua simu ikatwe mama akupigie wewe kwenye namba yako anayoijua.

Naomba pia usiingie kwenye ile tabia ya kuwachezea matapeli, kuwapotezea muda na kuwatukana. Unawapa sauti yako na unawathibitishia namba ni hai. Lakini pia hujui nani yuko upande wa pili, ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023 ilitaja makadirio kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na wengine kama 100,000 Kambodia wanashikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni, wengi walifuata matangazo ya ajira nzuri wakaishia kunyang'anywa pasipoti na kupigwa wasipofikisha lengo. Hii haimpi mtu ruhusa ya kukuibia, mimi huwa naisema tu kwa sababu wanaokula hizo hela wako juu kabisa, na hao hawatikisiki kwa matusi.

Wanatikisika kwa kuripotiwa, na hapa nakujibu swali lako la mwisho. Kuna faida, ila lazima ujue unaripoti nini. Watu wengi wanaripoti namba iliyowapigia wakaishia hapo, alafu kesho wanapigiwa na nyingine wanakata tamaa wanasema haisaidii. Namba ya kupigia kwa tapeli ni kitu cha kutupa, kesho anatumia nyingine, na inawezekana kabisa ni ya mtu asiyejua lolote ambayo imeghushiwa, kwa hiyo usiisambaze kwenye magrupu na picha ya mtu ukaandika huyu ni mwizi. Kitu cha thamani kwake ni pale hela inapopokelewa. Akaunti au laini ya pesa inahitaji kitambulisho, inahitaji mtu wa kuifungua, akiipoteza inamgharimu. Kwa hiyo ripoti nzuri ina namba iliyopiga, tarehe na saa, alijifanya nani, aliomba nini, na juu ya yote akaunti au namba ya kutuma hela aliyokutajia, au linki aliyokutumia. Piga skrinshoti ya orodha ya simu na meseji kabla hujabloku wala kufuta chochote. Wewe mwenyewe OTP uliyoipata ni ushahidi, benki wakipewa muda ule wanaweza kuona ni muamala gani ulikuwa unajaribiwa na ulikuwa unaenda wapi.

Wapi pa kuripoti inategemea ulipo lakini njia zinafanana. Kwanza taasisi aliyojifanya, hata kama hukupoteza hela, wao ndo wanaweza kuwatahadharisha wateja wengine siku hiyohiyo. Pili kampuni yako ya simu, nyingi zina namba fupi ya bure, Marekani na Uingereza meseji za kitapeli unazifowadi kwenda 7726, Tanzania 15040, India waliotapeliwa wanapiga 1930 ambayo ni ya serikali, kwingine itafute kwenye tovuti ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako. Tatu ripoti kwenye simu yenyewe, ile sehemu ya kubloku ina chaguo la kuripoti pia, na WhatsApp ukiripoti mtu wanapokea meseji tano za mwisho alizokutumia. Ripoti moja peke yake kweli haionekani kitu, lakini mitandao inatafuta mtindo, namba moja imepiga watu mia nne kwa saa na ishirini kati yao wameripoti maneno yaleyale, hapo ndo inafungwa au simu zake zinaanza kutokea na onyo kwenye skrini za wengine. Bila wale ishirini inaonekana kama kituo chochote cha huduma kwa wateja.

Usichanganye tu matapeli na wale wa matangazo. Kampuni halali inayokusumbua na ofa unaweza kuiambia isikupigie tena, na nchi zingine zina orodha ya wasiotaka kupigiwa, ya Marekani ilianza 2003. Tapeli hasomi hiyo orodha, kwa hiyo usione umejiandikisha ukadhani kila anayekupigia sasa ni halali.

Ikitokea kwako au kwa mtu wako hela imeshaondoka, mpangilio unabadilika, hapo dakika zina maana kuliko maelezo. Benki au kampuni ya pesa kwanza kabla ya kitu chochote, waombe wazuie huko ilikofika, kwani hela ikikaa kwenye akaunti ya kwanza inaweza kushikwa lakini tapeli anaihamisha haraka sana. Kama laini yako imepoteza mtandao ghafla wakati wengine wanao, wahi kampuni ya simu kwa simu nyingine, inaweza kuwa wameiswapu laini, yaani wamehamishia namba yako kwenye laini yao. Ndo baadae uende polisi upate namba ya kumbukumbu ya ripoti, benki wataiulizia. Na wiki chache baadae ategemee kupigiwa tena, na mtu mwenye huruma nyingi, wakili au "mpelelezi wa mtandao" anayesema hela zako zimepatikana lipia tu ada ya kuzitoa. Ni walewale, au wamewauzia wenzao orodha ya waliotapeliwa.

Kuhusu mama, usimpe somo refu kama nililokupa wewe, litamchosha na atakuwa anaogopa kila simu. Mpe mambo mawili, hasomi namba yoyote kwa mtu aliyempigia, na akiambiwa afanye kitu chochote kinachohusu hela anakata anakupigia wewe. Ila na wewe kubali kupigiwa hata kwa mambo ya kipuuzi bila kumkaripia, wazee wengi wanaficha kwa kuogopa kuonekana hawajiwezi na hapo ndo tapeli anapata nafasi ya pili na ya tatu. Kwenye simu yake namba za ndugu, daktari na benki ziwe zimeseviwa kwa majina, kama ni iPhone kuna mpangilio wa kunyamazisha namba zisizojulikana na Android nyingi zina kichujio cha simu taka, lakini angalia kwanza kama kuna watu wanaompigia kwa namba mpya, hospitali kwa mfano, usije ukamfungia simu anazozihitaji. Na muulize benki yake kama wanaweza kupunguza kiwango cha juu cha kutuma kwa siku, kishuke mpaka kile anachotumia kweli. Asipokubali hilo usimlazimishe, hela ni zake, mwachie afikirie alafu mrudie siku nyingine.